Hodi na Haki ya Kutoitika

Sauti ya mtu ni mgeni katika sikio la mwenziwe. Mgeni mwema hupiga hodi, hungoja, na akiitikiwa huingia. Asipoitikiwa baada ya hodi ya tatu hurudi alikotoka bila kinyongo. Ada hii ni kongwe katika nchi zetu, nayo haikuwekwa ili kuwataabisha wageni. Iliwekwa kwa kuwa wazee walitambua kwamba mlango una mwenyewe, na kwamba wema wa mgeni, hata uwe mkubwa namna gani, haumpi milki ya nyumba ya watu. Nataka kuitoa ada hii nje ya nyumba niipime kwa jambo la siku hizi ambalo huwaudhi wengi na kufikiriwa na wachache: ujumbe unaopelekwa kwa watu wengi kwa mara moja, na lalamiko la yule ambaye hakuutaka. Swali langu ni hili. Mtu mmoja katika elfu akisema, "Mnanisumbua," haki iko kwa nani, kwake au kwa hao mia tisa tisini na tisa walionyamaza? Na yule aliyetuma, ambaye pengine nia yake ilikuwa njema, alifanyie nini neno hilo?

Swali hili lina uzito wake Nansio. Mji huu ni bandari ya Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria, na mtu wa kisiwani huishi kwa habari kama aishivyo kwa samaki na muhogo. Meli imeondoka Mwanza au haikuondoka. Upepo umechafuka au umetulia. Bei ya dagaa imepanda au imeshuka. Mgonjwa aliyevushwa kwenda hospitali amepata nafuu au hajapata: mambo hayo yote yako ng'ambo ya maji, na zamani aliyetaka kuyajua alingoja chombo. Simu ya mkononi imeyafupisha maji hayo. Neno la mtu aliye Mwanza hufika Nansio kabla mwenyewe hajafumba kinywa. Lakini njia iliyomfaa mwana kumwandikia mama yake imepitiwa na wengine pia: mchuuzi, mwenye mchezo wa bahati nasibu, na tapeli. Simu hulia usiku. Mama huamka akidhani ni habari ya mgonjwa. Hukuta anaalikwa katika mchezo wa kubahatisha ambao hakuuomba. Ameibiwa nini? Hapana senti iliyotoka mfukoni mwake. Hata hivyo ameibiwa usingizi, na zaidi ya usingizi ameibiwa sehemu ya imani yake kwamba simu ikilia usiku lipo jambo.

Wahenga walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo." Methali hii aghalabu huchukuliwa kuwa onyo kwa msikiaji, asipuuze wito. Mimi naiona kuwa ahadi ya mpigaji pia. Msikiaji hukubali kuacha jembe na kukimbilia uwanjani kwa sababu mpigaji amekubali kutoipiga pembe pasipo sababu. Ahadi hizo mbili ni kama makasia mawili ya mtumbwi mmoja: moja likivunjika, jingine hukizungusha chombo mahali pamoja. Pembe ikipigwa kila siku kwa ajili ya kuuza sabuni, haitakuwa tena mbiu ya mgambo. Itakuwa mbiu ya sabuni, na siku ya hatari watu watakaa majumbani mwao wakiambiana kwamba sabuni imepungua bei. Watu wa ziwa hili wanajua thamani ya wito unaosadikiwa. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuangamiza mamia ya watu. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora katika Ukerewe, kilipinduka kikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Sisemi kwamba ujumbe wa simu ungaliviokoa vyombo hivyo. Sababu za misiba ile zilikuwa nyingine. Nasema kwamba watu waliopita katika misiba kama hiyo hawausikii mlio wa simu kama wausikiavyo watu wa nchi kavu. Anayeuchezea mlio huo kwao huchezea kitu kizito.

Udhia huu si wa kisiwa kimoja wala si wa zama zetu peke yake. Mwaka 1864, mjini London, watu wenye vyeo walipelekewa telegramu majumbani mwao wakati wa jioni. Siku zile telegramu ilikuwa chombo cha mambo ya haraka: kifo, vita, au amri ya serikali. Walipozifungua waliona tangazo la madaktari wa meno juu ya saa zao za kazi. Mmoja wa wapokeaji alikasirika akaandika lalamiko lake katika gazeti la The Times. Baada ya miaka mia moja na zaidi, Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa kampuni ya kompyuta iitwayo DEC, aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo moja katika mtandao wa ARPANET, uliokuwa chini ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Malalamiko yalifuata na mtumaji akakemewa. Walakini alisema baadaye kwamba tangazo lile lilimletea wanunuzi. Katika mikasa hiyo miwili hapana aliyedai kuwa amedanganywa. Madaktari walikuwa madaktari kweli, na kompyuta zilikuwa kompyuta kweli. Kilicholalamikiwa ni kwamba njia ya mambo mazito ilitumiwa kwa jambo jepesi, na mwenye mlango hakupigiwa hodi.

Mzizi wa udhia ni urahisi. Hapo kale aliyetaka kusema na watu elfu alilipa kwa jasho lake: alitembea, au alipaza sauti mpaka ikakauka, au alichapisha na kununua karatasi. Ukerewe yenyewe ina shahidi wa jambo hili. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata wa kuichapa katika lugha ile. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka 35 alikaa mlangoni pa wasomaji akingoja kuitikiwa. Leo mtu huandika maneno ishirini na kuyaingiza katika mifuko ya watu elfu kabla uji wake haujapoa. Simtakii mwandishi yeyote taabu iliyompata Kitereza. Lakini tofauti hiyo ina mafunzo. Ugumu wa kusema ulikuwa mizani. Ulimlazimisha msemaji kujiuliza kama neno lake lilistahili safari. Ugumu ukiondoka, mizani haina budi kushikwa na mkono mwingine, na mkono uliobaki ni wa mpokeaji. Gharama ambayo mtumaji hailipi hulipwa na yeye: kwa wakati wake, kwa usikivu wake, na pengine kwa fedha ya salio la simu yake. Lalamiko ni sauti ya mtu anayelipia bidhaa ambayo hakuiagiza.

Walakini jumbe zisizotakiwa si za jinsi moja, na asiyezipambanua atamdhulumu mtu. Wa kwanza ni tapeli. Hakuna mtu mwenye simu Tanzania asiyeujua ujumbe usemao kwamba ile fedha itumwe kwa namba hii. Aliyeuandika hamjui anayemwandikia. Ametupa wavu kwa maelfu, akijua kwamba miongoni mwao yumo mmoja aliyekuwa karibu kabisa kutuma kodi ya nyumba au ada ya mtoto, naye atadhani ameandikiwa na yule aliyemtazamia. Huyu hastahili upole. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imewapa watu namba 15040 ya kupelekea jumbe za namna hii, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamkataza mtu kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Hapa kulalamika ni wajibu, kwa kuwa anayeufuta ujumbe na kunyamaza amejiokoa mwenyewe na kumwachia jirani mtego uliotegwa.

Wa pili ni mchuuzi. Huyu haibi, anauza. Ana haki ya kutangaza bidhaa yake sokoni, lakini kitanda cha mtu si soko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe katika kumtangazia biashara. Kwa huyu lalamiko ni kama neno la mnunuzi asemaye, "Sinunui." Muuzaji mwenye busara huchukua ungo wake na kwenda nyumba nyingine.

Wa tatu ndiye anayetia akili katika taabu, kwa sababu yeye si mwizi wala si mchuuzi. Ni mtu mwema achoshaye. Tuchukue mfano. Tuseme kwamba watu wa Ukerewe waliotawanyika Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi na Muscat wameunda chama cha kusaidiana katika misiba na katika ada za shule, na katibu wao anakaa Nansio. Wanachama ni 1,000. Kila juma katibu anawaandikia barua pepe: nani amefiwa, nani amejifungua, michango imefika wapi, mkutano utakuwa lini. Halipwi mshahara. Siku moja anapata jibu fupi: "Ndugu Katibu, naomba nisiandikiwe tena. Barua zako zimekuwa udhia." Katibu anaona uchungu, na katika uchungu wake majibu matatu yanamjia. Yafaa tuyapime moja moja, kwa kuwa ndiyo majibu ya kila msemaji aliyekataliwa.

Jibu la kwanza ni hili: "Ulikubali mwenyewe, jina lako uliliandika kwa mkono wako." Jibu hili lina nguvu ya ushahidi, lakini halina nguvu ya haki. Aliyeuza ng'ombe hawezi kumdai tena kesho, maana ng'ombe ametoka zizini mwake. Aliyetoa sikio lake hakulikata. Lingali kichwani pake, naye ndiye anayeamka likisumbuliwa. Ridhaa ya kusikiliza si mauzo. Ni karibu, na karibu hudumu maadamu mwenye nyumba angali anamtaka mgeni. Wahenga wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hawakumnyima mgeni ukarimu, walakini waliuwekea kipimo. Tena yafaa katibu ajiulize kama anachotoa leo ndicho kilichokubaliwa jana. Aliyekubali habari za misiba hakukubali kwa hayo peke yake kupokea mashairi ya katibu, matangazo ya duka la shemeji yake, na salamu za kila sikukuu. Mara nyingi mpokeaji hakugeuka. Ni barua iliyogeuka.

Jibu la pili ni hili: "Wenzako hawalalamiki." Hapa katibu anahesabu ukimya kuwa ni sifa. Asahau lolote, asisahau muhali. Katika jamii yetu, na zaidi katika kisiwa ambamo watu hukutana gatini, sokoni na mazikoni, si rahisi mtu kumwambia mwenziwe usoni kwamba maneno yake yanachosha. Atastahimili, atatabasamu, atasema barua zimefika, naye hajazifungua tangu mfungo uliopita. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi mmoja aliyesema huenda akawa kinywa cha hamsini walioshindwa kusema. Yamkini pia yuko peke yake. Lakini hata akiwa peke yake, haki yake haipungui kwa uchache wake. Chakula kikiwafaa watu mia, hakilazimishwi kooni mwa yule wa mia na moja.

Jibu la tatu ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa linavaa nguo ya upendo: "Nafanya hivi kwa faida yako." Anayesema hivi hukaribia kumwona mwenziwe kuwa mtoto. Na akizidi kiburi huikumbuka methali isemayo kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, akaendelea kuandika. Methali hiyo ni njema kwa mtu anayetukanwa kwa sababu ya kutenda haki. Ni mbaya kwa mtu anayeambiwa kwamba amekanyaga mguu wa mwenziwe. Tofauti ni nyepesi kuiona: chura halalamikii kitu kilicho chake, na mpokeaji analalamikia kilicho chake.

Kwa hiyo katibu mwenye insafu atafanya nini? Ataliondoa jina siku ile ile. Hatadai sababu, kwa maana anayedai sababu anamgeuza mwenye mlango kuwa mshitakiwa. Akiulizwa jina alilipata wapi, atasema kweli. Ataweka alama katika daftari lake ili jina lisirudi kwa mkono wa katibu ajaye. Hatalitaja jina la mlalamikaji mbele ya wengine, wala hatamwondoa katika chama. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana. Kufunga mlango si kuhama mtaa. Mtu aweza kuchoshwa na barua za kila juma, na bado akatoa mchango wake, akahudhuria mazishi, na akastahili kuzikwa na wenziwe. Chama kinachomwadhibu mwanachama kwa sababu amekataa kuandikiwa kimegeuza ridhaa kuwa kodi.

Mpaka hapa nimesema kama wakili wa mlalamikaji. Sasa namgeukia yeye, kwa kuwa haki yake ina mpaka, na mpaka huo hauonekani kwa wengi. Ziko njia mbili za kulalamikia barua pepe. Moja ni kumwambia mwandishi au kujiondoa katika orodha. Ya pili ni kuitia barua alama kwamba ni taka. Kwa kidole njia hizo mbili hulingana. Kwa maadili ziko mbali kama Nansio na Mombasa. Anayejiondoa anasema, "Mimi sitaki." Anayeitia alama ya taka anasema mbele ya mwenye posta, "Huyu ni msumbufu wa watu." Neno la kwanza ni uamuzi juu ya nafsi yake. La pili ni ushahidi juu ya mtu mwingine, na ushahidi una hukumu nyuma yake.

Hukumu hiyo si ya mchezo. Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zimekaza masharti yao kwa wanaotuma barua kwa wingi. Mojawapo ni kwamba malalamiko ya taka yasifike 3 katika kila barua 1,000. Yakizidi hapo, barua za mtumaji zaweza kutupwa katika sanduku la taka, au zisipokewe kabisa. Sharti hili limewakinga watu wengi na wachuuzi na matapeli, wala siombi liondolewe. Lakini tulitazame katika chama cha mfano wetu. Wanachama watatu au wanne, waliochoka siku ya Jumatatu asubuhi, wanagusa alama ya taka. Hawana ubaya, wanataka tu kuufuta mrundiko. Juma lifuatalo mwanachama wa Muscat hapati habari kwamba mama wa rafiki yake amefariki Nansio. Barua ilitumwa, ikazikwa kabla ya marehemu. Waliogusa alama hawatajua kamwe walichofanya, na aliyekosa habari hatajua ni kwa nini alikosa.

Hapa ndipo naliona jibu la swali nililolianza. Mlalamikaji ni hakimu wa sikio lake. Si hakimu wa sikio la jirani. Katika jambo la kwanza neno lake ni la mwisho, hata akiwa mmoja mbele ya elfu, hata akiwa hana sababu, hata akiwa jana alisema karibu. Katika jambo la pili neno lake ni ushahidi tu, na shahidi hana budi kusema kilicho kweli. Anayemwita laghai mtu aliye mchoshi tu ametoa ushahidi wa uongo, ijapokuwa ameutoa kwa kidole na wala si kwa ulimi. Dhuluma ya msemaji ni kuingia asipoitikiwa. Dhuluma ya msikiaji ni kufunga mlango wa mwenziwe akidhani anafunga wake.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini basi watu wema hutoa ushahidi huo wa uongo? Aghalabu ni kwa sababu mlango wa kutokea umefichwa. Barua ina maneno mengi ya karibu na hapana neno la kwaheri. Au lipo, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Au anayetaka kutoka huambiwa kwanza ajaze majina ya babu zake. Na mara nyingine ni muhali ule ule: kumwandikia katibu ni kumkabili, na alama ya taka haina uso. Kwa hiyo katika kila ushahidi wa uongo wa namna hii msemaji aangalie kama yeye hakuwa mshiriki. Masharti yale yale niliyoyataja huwataka wenye kutuma barua nyingi waweke njia ya kujiondoa kwa kugusa mara moja, na ombi litimizwe ndani ya siku mbili. Sharti hilo ni la kompyuta, lakini adabu iliyo ndani yake ni ya binadamu: mrahisishie mwenzio kukukataa, ili asilazimike kukusingizia.

Tena liko jaribu la siri. Google humwonyesha mtumaji kiasi cha malalamiko, haimtajii waliolalamika. Katibu wetu ataambiwa kwamba wapo watatu. Hataambiwa ni akina nani. Moyo wa kibinadamu hutaka kuwatafuta. Atawapima watu kwa macho mazikoni, atakumbuka nani hakumsalimu vema, na kabla ya mwezi kwisha chama kitakuwa na wapelelezi. Heri asiwatafute. Asiyejua nani amelalamika hana njia ila kujichunguza mwenyewe, na hiyo huenda ikawa faida kubwa ya siri ile. Apunguze barua, atenganishe habari za misiba na soga, amwache kila mtu achague anayoitaka. Lalamiko lisilo na jina ni kioo, na mwenye hekima hakivunji kioo kwa kutafuta nani amekitundika.

Sheria za nchi husaidia, lakini hazimalizi kazi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inailinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Katika ibara ya 18 imeweka pamoja uhuru wa kueleza fikra na uhuru wa kutoingiliwa katika mawasiliano. Naona fahari katika ujirani huo. Uhuru wa kinywa na uhuru wa sikio wamelazwa katika kitanda kimoja, wala hapana aliyepewa blanketi lote. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sheria imekataza kuipasua, na imetuachia sisi wenyewe kujifunza kuivuta kwa kiasi.

Linabaki neno moja la kupinga, nalo ni zito. Iko habari isiyongoja idhini. Anayeona moto hapigi hodi tatu. Upepo ukitangazwa kuwa mkali ziwani, je, tumwache mvuvi aende kwa sababu alisema asiandikiwe? La. Lakini haki hiyo ni ya mambo machache, na kila msemaji hupenda kudhani kwamba jambo lake ni moto. Mimi napendekeza kipimo hiki: fikiri kwamba msikiaji atalijua jambo hilo kesho kwa njia nyingine. Je, atalaumu kwa nini hakuambiwa, au atalaumu kwa nini aliambiwa? Dhoruba itapita katika kipimo hicho, na msiba wa jirani wa karibu pia. Salamu za mwenyekiti hazitapita, wala bei ya sabuni.

Msemaji anayekubali kukataliwa hapotezi sauti yake, anaiwekea akiba. Jina moja likiondolewa leo bila ugomvi, mia tisa tisini na tisa waliobaki wamebaki kwa hiari, na barua inayopelekwa kwa watu wa hiari husomwa. Siku atakayokuwa na neno la maji na upepo, katibu wa Nansio hatahitaji kupaza sauti. Watu watasimama kwa sababu wanamjua kuwa ni mtu ambaye hapigi pembe bure, na ambaye zamani, walipomwambia basi, alisikia.